Maji ya Ghorofa ya Tatu

Mkokotoni, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Abdulwahid,

Asalaam aleikum. Usishangae kuona karatasi. Simu ninayo na salio ninalo, lakini nikikupigia unacheka. Nikiuliza, "Goti vipi?" unacheka kwanza, halafu unasema, "Zima kabisa, dada," halafu unaniuliza hali ya mama. Nimekaa nikafikiri, nikaona afadhali barua, maana kicheko hakiandikiki. Ukishika kalamu utasema kweli au utaacha ukurasa mtupu, na huo mtupu nao nitausoma.

Habari zako nimezipata kwa Wakil, yule anayepeleka samaki mjini kwa pikipiki. Kasema alikuona Darajani unavuka barabara huku unavuta mguu wa kulia, na ulipomwona ukajinyoosha ghafla ukapita kama askari wa gwaride. Wakil hana nia mbaya, kasimulia tu kama anavyosimulia kila kitu. Mimi ndiye niliyeiacha chai yangu ikapoa.

Una miaka ishirini na tatu, Abdulwahid. Mimi nashinda hapa kituoni nikiwanyoosha wazee viungo, wengine wanavuka maji kutoka Tumbatu kuja kwangu, na ndugu yangu wa tumbo moja anachechemea mjini. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata nduguye?

Basi nijibu, na usiruke hata swali moja. Unaumwa wapi hasa? Weka kidole kimoja tu, halafu uniandikie kimeangukia wapi. Limevimba? Linakwama, yaani unataka kulinyoosha likakataa? Linakuachia ghafla ukataka kuanguka? Ukiamka asubuhi linakuwa gumu kukunjika muda mrefu? Umepata homa? Umejigonga au kuanguka? Na ni lini linazidi: ukikaa, ukisimama, ukitembea?

Barua mpe Wakil, atakuja dukani. Msalimie Fundi Sabri, mwambie ile cherehani ya mama aliyoitengeneza bado inaruka nyuzi.

Dada yako,
Mayasa


Kiponda, 13 Septemba 2024

Dada Mayasa, shikamoo.

Umenibana pabaya. Kweli nimejaribu kucheka kwenye karatasi na nimeona haiwezekani.

Kidole changu kinaangukia mbele ya goti la kulia, pale kwenye ile pia, kile kifupa kinachochezacheza, na maumivu yako kwa nyuma yake, kama yamejificha. Halijavimba. Halikwami. Haliniachii, ila linanitisha. Asubuhi liko sawasawa. Homa sina. Linazidi nikikaa sana kwenye kigoda hapa dukani mbele ya cherehani za watu, nikiinuka natamani nimshike mtu bega. Kwenye sala linaniuma nikikaa tahiyatu, na nikichuchumaa. Lakini hasa hasa ni kushuka ngazi. Kupanda navumilia, kushuka ndiko kunakonitoa machozi.

Nilikwenda kwa daktari mmoja hapa mjini. Nilimwambia nilijipinda kwenye mpira. Akalishika, akasema kwa hadithi hiyo huenda gegedu la ndani limechanika, nikapige picha, na ikionekana hivyo patazungumzwa habari ya kupasuliwa. Dada, baada ya neno hilo sikusikia lingine. Nilimshukuru nikatoka.

Sasa nikwambie kwa nini nacheka. Nataka kuoa. Yuko msichana anaitwa Tahiya, mshonaji, anakaa na mama yake hapa Kiponda nyumba ya pili kutoka dukani. Alileta cherehani yake mwezi wa sita, nikaitengeneza, ikaharibika tena, nikaitengeneza tena. Fundi Sabri alisema hajaona cherehani inayoharibika kwa adabu namna ile. Posa tumekusudia kuipeleka baada ya miezi mitatu hivi, akija ami Abdulla kutoka safari.

Mama yake ni Bi Mize. Huyo bibi haozeshi hivi hivi. Ameshaanza kuulizia habari zangu, kwa muuza kahawa, kwa imamu, kwa kila mtu. Na mama mdogo Mashavu alipokuja mjini kwa maulidi ya arusi moja akaniona nachechemea, akasema mbele ya watu, kwa sauti yake ile unayoijua: "Ah, ndiyo ukoo wetu! Mjomba wenu Ubwa naye alianza hivi hivi, kijana vile vile, mpaka akafa na mguu wake." Mmoja wa waliosikia anauza ndimu chini ya dirisha la Bi Mize.

Kwa hiyo ikiwa ni kuchanika, sitaki kujua mpaka nishaoa. Na ikiwa ni ya ukoo, sitaki kujua kabisa. Usimwambie mama. Usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Abdulwahid


Mkokotoni, 16 Septemba 2024

Abdulwahid,

Nimeisoma barua yako, nikafurahi, nikakasirika, nikafurahi tena. Tahiya nampenda tayari, kwa jina na kwa kuharibu cherehani.

Tuanze na goti. Majibu yako ni mazuri kuliko unavyojua. Gegedu likimchanika kijana kama wewe, mara nyingi goti huvimba, au hukwama, au mtu husikia limemwachia. Wewe hata moja. Maradhi ya maungio, yale yanayokula ndani, huamsha mtu asubuhi goti likiwa gogo na halilainiki upesi. Wewe asubuhi mzima. Homa huna. Nisiapie kitu nisichokishika kwa mikono yangu, maana hata nyonga ikiugua huweza kulia kwenye goti, lakini mpaka hapa sijaona kisu wala mkasi.

Sasa nije kwenye uongo wako. Wa kwanza: mpira. Wewe tangu utoto mpira ukija upande wako unaukimbia. Tulipokuwa Jongowe, kule Tumbatu, walikuwa wakikuweka ulinde viatu. Daktari wa watu kakutibu kwa hadithi uliyompa. Ukimpa fundi cherehani ukamwambia imeanguka kumbe imeingia mchanga, atafungua upande gani?

Wa pili sijaujua ni uongo gani, lakini nauona mkia wake. Unalala chumba cha nyuma ya duka, chini. Unafanya kazi dukani, chini. Msikiti wako uko chini. Unakula kwa mama ntilie, kwenye baraza. Basi niambie, bwana harusi, ngazi unazoshuka mpaka zikakutoa machozi ni za wapi?

Nasubiri.
Mayasa


Kiponda, 20 Septemba 2024

Dada,

Wallahi nilipofika mwisho wa barua yako niliifunga nikaiweka chini ya cherehani kama kwamba itanyamaza.

Nitasema. Bi Mize na Tahiya wanakaa ghorofa ya tatu, juu kabisa. Maji yanafika ghorofa ya kwanza, kwa tabu ya pili, ya tatu hayafiki. Pampu ipo, lakini mbovu, tena imefungiwa kwenye chumba cha chini na ufunguo anao mwenye nyumba, Bwana Suhail, anayekaa Mtoni, na kila siku anasema atakuja kesho. Tahiya alikuwa akipandisha maji mwenyewe. Siku aliyokuja kuchukua cherehani nikaziona alama za mpini wa dumu kwenye kiganja chake. Hakulalamika, mimi tu nikaziona.

Basi toka siku ile, nikitoka sala ya alfajiri, mlango mkubwa wa nyumba huwa wazi kwa wapangaji wanaume wanaorudi msikitini, nami napita. Najaza madumu kwenye bomba la ua, napandisha moja, nashuka, napandisha jingine, mpaka pipa lililo mwisho wa ngazi, nje ya mlango wao, linajaa. Sigongi mlango. Sioni mtu. Nashuka nafungua duka.

Kwa nini nafanya kwa siri unajua mwenyewe. Mposaji hana ruhusa ya kuzoea mlango wa watu kabla ya posa. Watu wangesema kijana wa Tumbatu anaingia kwa Bi Mize alfajiri, na hapo aibu ingekuwa ya Tahiya, si yangu. Na Bi Mize mwenyewe angesema najipendekeza.

Sasa sikia kichekesho. Bi Mize anaamini maji analetewa na hamali wa Bwana Suhail, kwa sababu alikwenda Mtoni kumfokea wiki ile ile niliyoanza. Siku hizi anamsifu barazani. Jana nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia muuza kahawa: "Suhail nilimdhania roho ya kutu, kumbe muungwana. Mungu amjaze kheri." Nami nipo pale nasugua gurudumu la cherehani, goti linanipwita, nikaitikia, "Amin."

Basi ndiyo hizo ngazi. Usinicheke.

Abdulwahid


Mkokotoni, 23 Septemba 2024

Abdulwahid,

Nimekucheka mpaka mgonjwa wangu aliyekuwa kitandani akaniuliza kama nimepata jini. Halafu nikamwombea Bwana Suhail, maana mwenye kuombewa kheri kwa jasho la mwingine ana hatari yake.

Lakini bado sijaridhika, na nikwambie kwa nini. Umepata sababu, hujapata sababu yote. Mtu mwenye magoti mawili akipandisha maji kila siku kwa ngazi zile za nyumba za mawe, vidato virefu kama vimekatiwa majitu, ataumwa magoti yote mawili. Wewe unaumwa moja. La kushoto limekosa nini hata lisamehewe? Mtu akija kwangu na goti moja, nami nikamwambia "umechoka tu" nikamrudisha, mimi si mtaalamu, mimi ni muuza maneno.

Nataka uje nikushike. Unaweza kusema unakuja kumwona mama. Kabla hujaja, nifanyie jambo moja. Panda zile ngazi kama unavyopanda kila siku, usibadilishe kitu, lakini macho yako yawe miguuni. Uniandikie mguu upi unafanya nini. Usinipambie.

Na habari ya mjomba Ubwa niachie mimi. Nitavuka Tumbatu Ijumaa, niende nyumbani nimwulize mama.

Mayasa


Kiponda, 27 Septemba 2024

Dada yangu,

Nimepanda nikiangalia miguu, karibu niteguke shingo.

Ngazi ni nyembamba na giza, na vidato ni virefu kweli. Mkono mmoja unashika ile kamba ya ukutani, mwingine una dumu. Kwa hiyo siendi hatua na hatua kama mtu anayetembea. Naweka mguu mmoja kidato cha juu, najiinua, naleta wa pili pale pale, naweka dumu, napumua, halafu kingine.

Unaotangulia ni wa kulia. Kila kidato. Sikuwa na habari nao, dada, naapa. Nilipogundua nilijaribu kutanguliza wa kushoto, mwili ukakataa, nikajiona kama nafanya ufedhuli. Unamkumbuka bibi yetu pale kizingitini na ufagio wake? "Kulia kuingia, kushoto kutoka!" Ukikosea anakurudisha nje uanze upya. Nyumba ya watu wenye heshima, nayo ya Tahiya, ningeipanda kwa kushoto?

Na kushuka, kwa kuwa natoka, natanguliza wa kushoto. Kila kidato vile vile, mpaka chini.

Sijui kama hili lina maana yoyote. Nimeandika kwa sababu umeniambia nisikupambie.

Abdulwahid


Mkokotoni, 30 Septemba 2024

Abdulwahid! Abdulwahid wa mama yangu!

Lina maana? Ndilo lenyewe! Nimeinuka hapa kituoni nikapanda kwenye kigoda na kushuka, kupanda na kushuka, wagonjwa wananitazama, mpaka nikacheka peke yangu kwa furaha.

Inuka sasa hivi ukafanye kwenye kidato cha duka. Ukipanda kwa kutanguliza kulia, nani anakunyanyua? Goti la kulia, wewe na dumu lako. Sasa shuka kwa kutanguliza kushoto. Wa kushoto unaning'inia tu hewani unatafuta chini. Nani anajikunja polepole akikuteremsha? Goti la kulia! Kupanda yeye, kushuka yeye. La kushoto tangu mwezi wa sita linapandishwa na kushushwa kama bwana mkubwa. Na huko kushuka kwa kujikunja polepole ndiko kunakoikandamiza pia ya goti kuliko kupanda, ndiyo maana ndiko kunakokutoa machozi.

Bibi alikufundisha adabu ya mlango. Hakusema kila kidato ni mlango! Kulia unaingilia kizingitini, mara moja, basi. Wewe umeingia nyumba ya Tahiya mara nyingi kila alfajiri, na kila mara kwa mguu mmoja.

Haya, na hili la pili ndilo tamu zaidi. Nimevuka Tumbatu. Nimemwuliza mama kuhusu mjomba Ubwa. Mama akashangaa: "Ukoo gani? Ubwa alianguka mnazini akiangua madafu ya watu bila ruhusa, mguu ukaunga vibaya. Mashavu alikuwa bado mdogo, akaambiwa ni maradhi, ili asijue kaka yake alikuwa anaiba." Basi ukoo wetu hauna maradhi ya goti, una mwizi mmoja wa madafu, Mungu amrehemu.

Bado nataka kukushika kabla sijaapa. Njoo Jumapili, tukutane kwa mama. Na toka leo dumu lisiguse mkono wako.

Mayasa, mwenye furaha


Mkokotoni, 7 Oktoba 2024

Abdulwahid,

Ulipoondoka jana sikutaka kusema mengi mbele ya mama, maana alikuwa anatusikiliza kupitia pazia.

Nimekushika goti, nimekushika nyonga, nimekukunja na kukuzungusha. Nyonga nzima. Ndani ya goti pamekaza vizuri, hapajachanika kitu. Ulipochuchumaa kwa mguu mmoja goti la kulia likaingia ndani kama mlango wenye bawaba mbovu, na nilipoibonyeza pia ukaruka ukasema neno ambalo bibi angekurudisha nje. Maumivu haya ni ya pia ya goti, ni ya kuchoshwa, na vijana wengi huyapata, wakimbiaji, wapanda baiskeli, na sasa wachota maji. Hutapasuliwa. Rudi kwa yule daktari umweleze hadithi ya kweli, anastahili kuijua, na yeye akiona haja ya picha mtazungumza.

Dawa yako ni ile niliyokuonyesha: kuinua mguu ulionyooka, kuinuka kwenye kigoda polepole bila mikono, kutembea kwa upande na mpira wa baiskeli umefungwa mapajani, kuimarisha paja na nyonga mpaka pia ipate watu wa kuishika. Kila siku. Ukiona maumivu yanazidi punguza, usiache. Dukani inuka mara kwa mara, usikae umekunja goti kutwa nzima. Fundi Sabri akiuliza, mwambie ni amri.

Na maji basi. Najua unachofikiri. Umeniambia Tahiya atarudi kupandisha. Fundi wa mashine, wewe, kaa ufikiri. Mimi nimetibu goti, pampu si fani yangu.

Mayasa


Kiponda, 25 Novemba 2024

Dada Mayasa, shikamoo, na shikamoo tena.

Leo nimekaa tahiyatu mpaka imamu akatoa salamu, nikasahau kuinuka, nikajikuta natabasamu. Yule mzee anayeswali pembeni yangu akanitazama akadhani nimepata maono.

Goti limekuwa goti. Nachuchumaa, nainuka, nimeshuka ngazi za msikiti wa Malindi mguu huu na mguu huu kama watu wengine, na nikasimama chini nikazitazama. Daktari nilirudi nikamweleza. Alicheka sana, akasema angejua habari ya dumu asingeitaja picha, akaniambia niendelee na ulivyonifunza.

Maji nimewapangia vijana wawili wa mtaani, wanapandisha kwa zamu mara chache kwa wiki, lakini wanalala sana na pipa linakauka. Bi Mize ameanza tena kumfokea Bwana Suhail barazani. Nikimsikia najisikia vibaya kwa wote wawili.

Posa imekwenda Alkhamisi. Ami Abdulla aliipeleka na wazee wawili, wakapokewa kwa kahawa na halua. Bi Mize akasema, "Tumeipokea, tupeni muda tuulize." Dada, tuulize hiyo ndiyo inayoninyima chakula.

Abdulwahid


Kiponda, 5 Desemba 2024, Mfunguo Tisa

Kwa Binti Mayasa, huko Mkokotoni

Asalaam aleikum warahmatullah. Mimi ni Mize, mama yake Tahiya. Hatujaonana, lakini ukimchunguza mposaji humwachi dada yake, khasa dada mwenye kazi kama yako.

Nitasema wazi, maana umri wangu si wa kuzunguka nyumba nikitafuta mlango. Mdogo wako nimemuulizia na nimesikia mema. Ana adabu, ana mikono, hana deni kwa muuza kahawa. Lakini nimeambiwa alikuwa akichechemea, na nimeambiwa na mtu wa ukoo wenu hasa kwamba ni maradhi yenu, yanaanza ujanani, na mjomba wenu yalimshika mpaka kaburini. Nimemtazama mwenyewe kupitia dirisha. Mwezi wa tisa alikuwa anavuta mguu kweli. Siku hizi hauvuti. Ndiyo inanitia wasiwasi zaidi, maana kitu kinachokuja na kwenda ndicho kinachofichwa.

Mimi ni mjane, mtoto wangu ni mmoja. Baba yake alinificha maradhi yake mpaka siku ya arusi ikapita, nami nikamuuguza maisha yake yote. Sikujuta kumuuguza. Nilijuta kufichwa. Sitaki Tahiya afichwe.

Nakuuliza kwa amana ya kazi yako: ana nini huyu kijana?

Samahani kwa mwandiko. Mikono imechoka, maji nayo yamekuwa shida tena. Palikuwa na hamali akiletwa na mwenye nyumba, alikuwa mzuri sana, hatukuona upungufu wowote mpaka akaacha ghafla mwanzo wa mwezi wa kumi. Sasa wanakuja watoto wawili wanamwaga nusu njiani.

Wako,
Bi Mize


Mkokotoni, 8 Desemba 2024

Abdulwahid,

Bi Mize ameniandikia. Anauliza una nini. Barua yake nimeisoma na machozi yamenitoka, maana anayo haki ya kuuliza, na sababu yake ni kubwa kuliko ulivyodhani.

Siri ya mgonjwa sitoi, hata mgonjwa akiwa wewe. Nipe ruhusa nimwambie yote, goti na maji. Akiambiwa ya maji nadhani mchezo umekwisha.

Mayasa


Kiponda, 9 Desemba 2024

Dada,

Goti mwambie lote, usimfiche hata uzi. Nilikosea kuficha na nimeona ulivyoniponza ukimya wangu. Mwambie na habari ya mjomba Ubwa, madafu na yote.

Maji usimwambie. Sikupandisha yale maji ili nipewe mtu. Nikimtajia sasa, wakati anapima jibu, nitakuwa nimeyageuza kuwa posa ya pili. Akininyima, aninyime mimi, na maji yake yabaki kuwa maji.

Abdulwahid


Mkokotoni, 11 Desemba 2024

Bi Mize mpenzi, shikamoo.

Nimepata barua yako nikaiweka kifuani. Abdulwahid amenipa ruhusa, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa kazi kwanza, halafu kama dada.

Alikuwa na maumivu ya pia ya goti la kulia. Nimempima kwa mikono yangu, na daktari wa mjini amempima. Hakuna kilichochanika, hakuna maradhi ya maungio, hakuna kitu cha kurithi. Mjomba wetu alianguka mnazini akiwa anaiba madafu, na mama yangu ndiye shahidi. Mama mdogo aliambiwa ni maradhi ili kumfichia aibu kaka yake, na mpaka leo anaamini hivyo.

Goti la mdogo wangu liliumia kwa kupanda na kushuka ngazi ndefu za nyumba ya mawe na mzigo mzito mkononi, kila siku baada ya alfajiri, tangu mwezi wa sita mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi nilipomkataza. Liliumia la kulia peke yake kwa sababu alikuwa akitanguliza kulia kila kidato akipanda, na kushoto kila kidato akishuka, kwa adabu ya nyumba aliyokuwa akiingia. Amepumzika, amefanya mazoezi, amepona.

Mzigo ulikuwa nini, na ngazi ni za nani, amenikataza kusema, nami sisemi. Amana uliyoniuliza kwayo ndiyo inayonifunga mdomo.

Mwanao,
Mayasa


Kiponda, 19 Desemba 2024, Mfunguo Tisa

Mwanangu Mayasa, marahaba, marahaba mia.

Barua yako niliisoma mara moja nikasema, huyu binti anazunguka. Nikaisoma mara ya pili nikiwa nimekaa mwisho wa ngazi, mbele ya pipa langu, tupu. Baada ya alfajiri. Mwezi wa sita. Mwanzo wa mwezi wa kumi. Nikaliita jina la Mungu.

Nikamwita Tahiya. "Hamali wetu alikuwa nani?" Akasema, "Abdulwahid." Kumbe mwenzangu alijua tangu siku za mwanzo. Alikuwa akiamka akisikia dumu linagonga vidato, moja, kupumua, moja, kupumua, na analala pale pale kitandani akimwombea dua, asifungue mlango asije akamwaibisha. Nami barazani namsifu Suhail! Nimemwombea kheri Suhail!

Mimi mtu wa kuhakikisha. Nikateremka nikajaza dumu, nikashika kamba, nikaanza kupanda. Kwa mguu wa kulia, kidato kwa kidato, kama ulivyoandika. Pale kona ya kwanza nikakaa. Wapangaji wakatoka kunitazama, mzee mzima na dumu mapajani, analia na kucheka. Nikasema moyoni: mume wangu alinificha ugonjwa, na huyu kanificha wema. Kuficha huko nimekuridhia.

Kisha nikavaa buibui nikaenda Mtoni kwa Suhail. Nilimwambia kheri zote nilizomwombea azirudishe, zina mwenyewe. Ufunguo wa chumba cha pampu nimekuja nao mkononi. Nasikia mdogo wako ni fundi wa mashine, basi ataitengeneza kwa uwazi, mchana, mlango wa chini ukiwa wazi na mimi nikiwa juu ya baraza nikimpa kahawa. Dumu nimelivunja. Nani tena atapandisha maji kwa miguu katika nyumba hii?

Ami yake Tahiya, Hamid, ndiye walii wake wa kumwozesha. Nimemsomea barua yako. Amesema mtu wa namna hiyo usipomwoza wewe ataozwa na mwingine. Tahiya mwenyewe ameulizwa, akanyamaza kwanza kama desturi, halafu desturi ikamshinda akasema, "Nimekubali, mama," mtaa mzima ukasikia.

Basi jibu la posa ni hili, nalipeleka kwako kabla sijalituma rasmi kwa ami Abdulla. Tumempa. Arusi Rajabu, inshallah, kabla Shaabani haijaingia. Mwambie mama yako avuke, na mama yenu mdogo Mashavu aje akae mbele, tumsimulie habari ya madafu mbele ya watu wale wale.

Na bwana harusi mwambie hivi. Siku ya kuja kwangu apande ngazi kama watu wanavyopanda, mguu huu na mguu huu, mikono mitupu. Akifika juu, mlangoni kwangu, asimame. Nitakuwa nimesimama hapo. Atangulize kulia, mara moja tu, aingie kwake.

Mama yako,
Bi Mize